Maji maangavu si lazima yawe salama: Wanasayansi wanavyopima visima na mahori ya Mombasa bara

MKAZI wa Kisauni anapoteka maji kisimani, huyaangalia kwanza kwa macho. Yakiwa maangavu, yasiyo na harufu wala takataka, huyamimina mtungini akaenda zake. Akiyaonja na kuyakuta na chumvi kidogo, huyatenga ya kufulia na kuoshea vyombo, na ya kunywa akayanunua kwa mchuuzi wa mkokoteni. Desturi hii ni ya miaka mingi, na ina busara yake, kwani ulimi wa mwanadamu ni mwepesi wa kutambua chumvi.

Hata hivyo, vitu viwili vinavyowatia hofu zaidi wataalamu wa maji katika Mombasa bara havionekani kwa macho wala kuonjwa kwa ulimi. Cha kwanza ni bakteria watokanao na kinyesi cha binadamu. Cha pili ni chumvichumvi za nitrati, ambazo nazo hutoka kwa wingi katika vyoo vya shimo na matangi ya maji taka. Kisima kinaweza kuwa na maji maangavu kama kioo, kumbe kimebeba vyote viwili.

Ndiyo sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuzunguka na chupa, kamba na kasha la barafu, wakiteka maji ambayo hawana nia ya kuyanywa. Baadhi yao ni watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini, ijulikanayo kama KMFRI, ambayo makao yake makuu yako Mkomani, ng'ambo ya kisiwa. Wengine ni maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, na wa idara ya afya ya umma ya kaunti. Namna wafanyavyo kazi yao inastahili kueleweka na kila anayetegemea kisima, maana matokeo yao huwa na maana tu kwa yule ajuaye yalivyopatikana.

Ardhi iliyo chini ya nyumba

Mombasa haina mto mkubwa wala ziwa. Tangu mwaka wa 1957, sehemu kubwa ya maji ya mfereji imekuwa ikitoka mbali: chemchemi za Mzima katika mbuga ya Tsavo, na baadaye visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Likoni na pwani ya kusini hutegemea pia visima vya Tiwi na chemchemi za Marere, Kaunti ya Kwale. Maji haya hayajawahi kuutosha mji unaokua, na mabomba yanapokauka, wakazi hurejea kwenye maji yaliyo chini ya nyumba zao.

Maji hayo hukaa katika ardhi ya namna tofauti. Karibu na bahari, katika Kisauni na Likoni, kuna mwamba wa matumbawe ya kale, ule ambao mafundi huuchonga mawe ya kujengea. Mwamba huo una matundu na nyufa nyingi. Nyuma yake kuna tabaka za mchanga. Ukienda magharibi, kuelekea Changamwe na Mazeras, unakuta miamba ya udongo mgumu ambayo haihifadhi maji mengi, na aghalabu maji yake yana chumvi.

Matumbawe na mchanga hupitisha maji kwa urahisi. Hiyo ni neema wakati wa mvua, kwani maji huzama upesi na kujaza visima. Lakini njia ipitayo mvua ndiyo ipitayo uchafu. Kisauni na Likoni kwa jumla hazina mtandao wa mabomba ya maji taka; nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo na matangi yanayovujisha maji yake ardhini. Katika mtaa uliosongamana, kisima na choo huwa majirani. Umbali wa mita 30 baina ya viwili hivyo hutajwa mara nyingi kama kinga, ila katika kiwanja kidogo umbali huo haupatikani, na katika mwamba wenye nyufa hata ukipatikana hautoi hakikisho.

Kuna tatizo jingine litokalo upande wa pili. Maji matamu chini ya ardhi ya pwani huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu husema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Kinyume chake kinatisha: pampu ikishusha maji kwa mita moja tu, mpaka wa chumvi ulio chini unaweza kupanda kwa makumi ya mita hatimaye. Kisima kilichokuwa kitamu kwa babu kikageuka kuwa cha chumvi kwa mjukuu huenda hakijarogwa. Kimepigwa pampu kupita kiasi, ama chenyewe ama cha jirani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kisauni ilikuwa mojawapo ya maeneo yaliyochunguzwa chini ya mradi wa mashirika ya UNEP na UNESCO kuhusu maji yaliyo chini ya miji ya Afrika. Matokeo yake, yaliyoandikwa na Daniel Munga wa KMFRI na wenzake, yalichapishwa mwaka wa 2006. Visima vingi vilivyopimwa vilikutwa na bakteria wa kinyesi, na watafiti hao waliuhusisha uchafuzi huo na wingi wa vyoo vya shimo na matangi ya maji taka.

Kuteka maji kwa ajili ya maabara

Kazi huanza kabla ya chupa kutiwa majini. Mtafiti afikapo kisimani huandika kwanza ayaonayo: kama kisima kina kifuniko, kama ukingo wake umepasuka, kama ndoo huwekwa juu ya udongo, kama kuna choo, zizi au jaa la taka, na liko umbali gani na upande gani wa mteremko. Huandika saa, tarehe, na lini mvua ilinyesha mara ya mwisho. Hupima kwa utepe kina cha maji kutoka ukingoni. Kwa chombo kinachopokea ishara za setilaiti huandika mahali hasa kisima kilipo, ili atakayekuja mwaka ujao asije akapima kisima kingine kwa kudhani ni kile kile.

Kisha hufuata vipimo ambavyo haviwezi kungoja. Joto la maji hubadilika mara tu yanapotolewa. Kiwango cha asidi, yaani pH, nacho hubadilika kadiri hewa inavyoingia na kutoka. Kwa hiyo hupimwa papo hapo kwa vifaa vya mkononi, ambavyo asubuhi ya siku hiyo vimejaribiwa katika vimiminika ambavyo kipimo chake kinajulikana. Kifaa kisichojaribiwa hutoa tarakimu nzuri zisizo na maana yoyote.

Kipimo cha uwezo wa maji kupitisha umeme huonyesha chumvi. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Kadiri chumvi inavyozidi, ndivyo umeme unavyopita. Maji ya mvua hutoa tarakimu ndogo, ilhali ya bahari hufikia takriban 50,000 kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu hao. Kisima cha pwani huwa mahali fulani katikati, na tarakimu yake ikipanda mwaka hadi mwaka, bahari inakaribia.

Chupa ya kupimia bakteria ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Hiyo huchemshwa kwa mvuke maabarani hadi isiwe na kiumbe hai, na haifunguliwi mpaka wakati wa kuteka. Kwa kisima cha wazi, hufungwa kamba safi na kitu kizito, ikateremshwa bila kugusa kuta. Palipo na bomba au pampu, mdomo wake husafishwa, mara nyingi kwa moto, na maji huachwa yatiririke kwa dakika kadhaa. Mtafiti hagusi mdomo wa chupa wala sehemu ya ndani ya kifuniko. Kidole kimoja kinatosha kuwatia bakteria waliokuwa mkononi mwake na kukisingizia kisima.

Maji ya mfereji yana jambo lake. Huwa yametiwa klorini, na klorini hiyo ingeendelea kuua bakteria chupani njiani kuelekea maabara, na hatimaye maji yakaonekana safi kuliko yalivyokuwa. Kwa hivyo chupa yake hutiwa mapema kemikali kidogo inayoizima klorini. Baada ya hapo chupa zote huingizwa katika kasha lenye barafu, mbali na jua, kwani bakteria katika joto la Mombasa huzaana au kufa upesi. Inafaa wapimwe ndani ya saa 6, na kwa vyovyote wasipitishe saa 24.

Pamoja na chupa hizo huwamo moja iliyojazwa maji safi ya maabara, ambayo imesafiri safari nzima bila kutekewa chochote. Ikikutwa na uchafu, basi kosa limetokea kwa watafiti wenyewe, na kazi ya siku hiyo hutiliwa shaka yote.

Maabarani, mililita 100 za maji hupitishwa katika chujio lenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya. Chujio hilo huwekwa juu ya chakula maalumu na kutiwa katika kabati la joto la nyuzi 44 kwa saa zipatazo 24. Bakteria wengi wa kawaida wa udongoni hawastawi katika joto hilo, ila wale wa matumbo ya binadamu na wanyama huzaana. Kesho yake kila bakteria aliyekuwa peke yake amekuwa kundi lenye rangi, linaloonekana kwa macho na kuhesabika kama tembe za mtama.

Anayetafutwa hasa ni E. coli. Aina zake nyingi hazidhuru, lakini kuwapo kwake majini ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika humo, na palipofika kinyesi huweza pia kufika vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, na vilevile kanuni za Kenya za ubora wa maji za mwaka wa 2006, viliweka kiwango kisicho na mjadala: asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Kenya ilikumbwa tena na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, na kila mlipuko wa namna hiyo hurejesha swali la maji yanakotoka.

Mahori na mwendo wa maji

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mahori, yaani mikono ya bahari iingiayo bara. Hori la Tudor hukitenga kisiwa na Kisauni, na hupokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Hori la Port Reitz liko baina ya Changamwe na Likoni, na ndani yake humwagika Mto Mwache na mito mingine midogo itokayo Kwale. Mahori haya ni mazalio ya samaki na kamba, na pia ni bandari, na ndiyo vilevile yapokeayo maji machafu ya mji, yaliyosafishwa na yasiyosafishwa.

Kupima hori ni kazi tofauti na kupima kisima, kwani maji yake hayatulii. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Sehemu ile ile ya hori saa sita mchana yaweza kuwa na maji safi ya bahari kuu, na saa kumi na mbili jioni ikawa na maji yaliyotoka mtoni na mitaroni. Mtu akiteka chupa moja wakati maji yamejaa, akatangaza kwamba hori ni safi, hajasema uongo, lakini pia hajasema lolote la kutegemewa.

Kwa sababu hiyo watafiti hutia boti nanga mahali pamoja na kuteka kila baada ya saa moja au mbili, kwa muda wa saa 12 na dakika 25 au zaidi, ili waone mzunguko mzima kutoka kujaa hadi kujaa. Kazi hiyo hurudiwa wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, katika kaskazi na katika kusi, kabla ya mvua za mwaka na baada yake. Mvuvi wa Mtongwe au wa Mikindani hashangazwi na utaratibu huu, maana naye hatupi wavu pasipo kujua maji yako wapi.

Chombo cha kale kuliko vyote katika boti hilo ni kisahani cheupe, kipana takriban sentimita 30, kilichofungwa kamba yenye alama. Kilibuniwa na Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, mwaka wa 1865. Huteremshwa majini mpaka kisionekane tena, na urefu wa kamba husomwa. Kikipotea upesi, maji yana tope au mimea midogo mingi. Pamoja na vifaa vyote vya umeme vilivyoingia baadaye, kisahani hiki hakijaachwa, kwa sababu hakihitaji betri na tarakimu zake za leo zinaweza kulinganishwa na za vizazi vilivyopita.

Maji ya chini hutekwa kwa chupa yenye vifuniko pande mbili. Hushushwa ikiwa wazi hadi kina kinachotakiwa, kisha kipande cha chuma huachiliwa kiteleze kwenye kamba, kikagonga kitasa na kuvifunga vifuniko vyote kwa pamoja. Kwa njia hii maji ya mita 10 chini hupanda bila kuchanganyika na ya juu.

Kipimo kinachoangaliwa sana humo ni oksijeni iliyoyeyuka, ile ambayo samaki huivuta. Katika bahari yenye joto kama ya Mombasa, maji yaliyoshiba oksijeni huwa na takriban miligramu 6 katika lita. Yakishuka chini ya miligramu 2, samaki wengi hukimbia au kufa. Oksijeni huliwa na bakteria wanaoozesha taka. Hivyo palipo na maji taka mengi yasiyosafishwa hupungua. Maabarani chupa ya maji hufungwa gizani katika nyuzi 20 kwa siku 5, na oksijeni iliyopotea hupimwa. Kwa maji yanayotoka mitambo ya kusafishia maji taka, kama ule wa Kipevu ulioko Changamwe, kanuni za mwaka wa 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 katika lita kwa kipimo hicho.

Mfano wa umuhimu wa mwendo wa maji ni hori la Makupa, karibu na lililokuwa jaa la Kibarani. Kwa miongo mingi barabara iliyojengwa juu ya kifusi iliziba njia ya maji baina ya hori la Tudor na la Port Reitz, na uchafu ukakaa bila kuoshwa. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka wa 2022, liliacha nafasi ya maji kupita. Namna ya kujua faida yake ni moja tu: kulinganisha vipimo vya oksijeni na mashapo vya kabla na vya baadaye, vilivyochukuliwa mahali pale pale na katika hali ile ile ya maji.

Mto unabeba kiasi gani?

Kwa mto, kujua uchafu uliomo katika lita moja hakutoshi. Lazima ijulikane pia ni lita ngapi zinazopita. Wapimaji husimika ubao wenye alama za kina ukingoni, kisha huvuka mto wakipima upana, kina na kasi ya maji katika sehemu kadhaa.

Chukulia mto wenye upana wa mita 10, kina cha nusu mita, na kasi ya mita 0.4 kwa sekunde. Kila sekunde zinapita mita za ujazo 2, yaani lita 2,000. Ikiwa kila lita ina miligramu 500 za udongo, basi mto huo unapitisha kilo moja ya udongo kila sekunde, sawa na zaidi ya tani 86 kwa siku. Wakati wa mafuriko kina, kasi na tope huongezeka kwa pamoja, kiasi kwamba siku chache za mvua kubwa zinaweza kubeba udongo mwingi kuliko miezi yote ya kiangazi. Mpimaji anayengoja mvua iishe ndipo aende mtoni huwa ameikosa sehemu kubwa ya habari.

Mombasa ililiona hilo baada ya mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998. Udongo ulioteremshwa na mito ulifukia mizizi ya mikoko katika hori la Mwache, na sehemu ya mikoko hiyo ikafa. Kwa kuwa bwawa limekusudiwa kujengwa katika mto huo huo wa Mwache ili kuupa mji maji, hesabu za udongo unaobebwa si za kitaaluma pekee. Ndizo zinazoeleza bwawa litajaa matope kwa kasi gani.

Matope yanayohifadhi kumbukumbu

Baadhi ya uchafu haukai majini. Madini mazito kama risasi, zinki na kadmiamu hujishika kwenye chembe za udongo na kuzama. Chupa ya maji inaweza kuonyesha kiasi kidogo tu, na hali matope ya chini yamejaa. Kwa hivyo watafiti huteka pia mashapo, ama kwa kikombe cha chuma kinachouma matope, ama kwa bomba linalopigwa chini na kutoka na safu nzima, ya juu ikiwa ya juzi na ya chini ikiwa ya miaka mingi iliyopita. Chaza na viumbe wengine wanaochuja maji hutumika vilevile, kwani hukusanya miilini mwao yale ambayo maji hupita nayo.

Thamani ya vipimo vya kabla huonekana siku ya msiba. Mafuta yalimwagika katika hori la Makupa mwaka wa 1988, na tena meli ya mafuta ilipovuja bandarini Aprili 2005, mikoko ya hori la Port Reitz ikaathirika. Katika kila tukio kama hilo, swali la kwanza la kudai fidia ni: hali ilikuwaje jana yake? Asiye na rekodi ya jana hana hoja ya leo.

Wakazi wa Owino Uhuru, kijiji kilicho Mikindani, wanalijua hilo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba zao kuanzia mwaka wa 2007, kikafungwa mwaka wa 2014. Sumu ya risasi haikuonekana wala kunusika. Iliyoifichua ni mirija ya damu ya watoto na vifuko vya udongo vilivyopelekwa maabarani. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo wa fidia mwaka wa 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikaurejesha. Bila vipimo, kesi hiyo ingebaki kuwa manung'uniko ya majirani.

Tarakimu ikifika mkononi mwa mwananchi

Mwenye kisima akipewa karatasi ya matokeo, ana haki ya kuuliza maswali manne. Maji yalitekwa lini, na mvua ilikuwa imenyesha? Yalitekwa kisimani kwenyewe, au katika mtungi uliokwisha kukaa nyumbani? Yalifika maabarani baada ya saa ngapi? Na yatapimwa tena lini? Matokeo mazuri ya Februari, wakati wa ukame, hayamhakikishii mtu maji ya Mei, mvua zinapoinua maji ya ardhini hadi yakakutana na mashimo ya vyoo.

Aidha, ni muhimu kujua ni uchafu gani uliopatikana, kwani dawa zake si moja. Bakteria hufa maji yakichemshwa hadi yatokote, au yakitiwa klorini kwa kipimo sahihi. Nitrati hazifi. Maji yakichemshwa, mvuke huondoka na nitrati hubaki, kwa hiyo huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya kopo, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni nitrati zikizidi. Mama anayechemsha maji ya kisima kwa uaminifu kila jioni anamkinga mwanawe na kuhara, ila kwa nitrati anahitaji maji ya chanzo kingine. Vivyo hivyo kwa risasi na kwa chumvi: moto hauzitoi.

Kisima kilichokutwa na E. coli si lazima kifukiwe. Mara nyingine kifuniko, ukingo wa saruji, ndoo moja isiyoguswa ardhi na klorini vinatosha kukirekebisha, endapo uchafu uliingilia mdomoni. Iwapo unapitia chini, kutoka chooni kupitia nyufa za matumbawe, hatua hizo hazitafua dafu, na tiba yake ni mtandao wa maji taka na maji ya mfereji yanayofika. Kutofautisha hali hizi mbili ndiyo kazi hasa ya kipimo, na hakuna awezaye kuzitofautisha kwa chupa moja.

Kwa hiyo mtafiti aliyefika na kasha la barafu mwezi uliopita, akirejea mwezi huu kwenye kisima kile kile na kuuliza maswali yale yale, hajasahau majibu. Amerudi kwa sababu mvua imenyesha tangu aondoke.